Kivuli, mwangwi na pia inayozunguka: mashine za picha hospitalini zinaona nini hasa

Watu wengi wamezipanga mashine za picha za hospitali kama ngazi: chini eksirei, juu yake altrasaundi, kisha CT skani, na kileleni MRI. Kwa hesabu hiyo, aliyepigwa MRI ameangaliwa kila kitu, na aliyeishia kwenye eksirei amepunjwa. Hesabu hiyo haina ukweli, na inawagharimu wagonjwa fedha na muda. Pafu lililojaa hewa, ambalo eksirei hulionyesha vizuri kwa pigo lisilofika hata sekunde, ndilo linaloisumbua MRI kuliko sehemu nyingi za mwili. Jiwe la kwenye mfuko wa nyongo, ambalo linaweza kuipita CT bila kuonekana, altrasaundi hulikamata kwa dakika chache.

Tofauti yao imo katika swali ambalo kila mashine inauuliza mwili. Eksirei hupeleka mionzi na kuangalia kipi kimeizuia, na CT huuliza hivyohivyo kutoka pembe nyingi. Altrasaundi hupeleka sauti na kusikiliza imegongea wapi ikarudi. MRI huitikisa haidrojeni iliyo katika maji na mafuta ya mwili, kisha hupima inachukua muda gani kutulia. Ukishajua swali, utajua kwa nini picha moja imetoka nzuri na nyingine haikufaa kitu.

Eksirei: kivuli cha koroboi

Tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Röntgen aliona kibao kilichopakwa kemikali kikingʼaa gizani, ilhali mrija wa umeme aliokuwa akiufanyia majaribio ulikuwa umefunikwa kwa karatasi nyeusi. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amepiga picha ya mkono wa mkewe: mifupa ya vidole na pete. Kanuni iliyouchora mkono ule ndiyo inayotumika leo katika kituo cha afya chochote chenye mashine hiyo.

Ndani ya mrija, waya mwembamba wa tungsteni hupashwa moto hadi ukatoa elektroni. Volti 60,000 hadi 120,000 huzivuta elektroni hizo na kuzigonganisha na sahani, nayo ni ya tungsteni. Katika mgongano huo takriban asilimia 1 tu ya nishati hugeuka mionzi. Iliyobaki yote ni joto. Ndiyo maana sahani huzungushwa kwa kasi, ili joto lisiangukie sehemu moja na kuitoboa, na mrija mzima hukaa ndani ya mafuta yanayoupoza. Ule mvumo unaousikia kabla ya picha ni sahani inayoanza kuzunguka: kitufe kikibonyezwa nusu huizungusha, kikibonyezwa hadi mwisho hutoa mionzi. Anayebonyeza moja kwa moja bila kuisubiri sahani ifikie kasi, na anayepiga picha nyingi mfululizo bila kuupumzisha mrija, wote wanaufupishia maisha.

Mionzi ikipita mwilini, sehemu yake humezwa njiani. Kiasi kinachomezwa hutegemea unene na uzito wa kitu, na zaidi sana aina ya atomu zake: katika tukio kuu la umezaji, uwezo huo hukua kwa kipeo cha tatu cha namba ya atomu, yaani idadi ya protoni katika kiini chake. Oksijeni, iliyojaa kwenye nyama na damu, ni namba 8. Kalsiamu ya mfupa ni 20. Tofauti ya mara 2.5 ikipandishwa kipeo cha tatu huwa zaidi ya mara 15. Kwa hiyo mfupa hutoka mweupe na hewa hutoka nyeusi. Kati yao yamo mafuta, yaliyo kijivu cha giza, na maji, ambayo ni kijivu cha kawaida. Chuma hungʼaa kuliko mfupa. Rangi ni hizo tano tu, na hapo ndipo penye ujanja wa kusoma.

Misuli, damu, usaha na majimaji vyote vina rangi ya maji. Vitu viwili vya rangi moja vikigusana, mpaka kati yao hupotea. Ukingo wa moyo huonekana kwa sababu umepakana na hewa ya pafu. Hewa hiyo ikibadilishwa na usaha wa nimonia, ukingo hufutika palepale. Msomaji mzuri wa picha ya kifua hutafuta doa, na vilevile hutafuta mstari uliopaswa kuwepo ukakosekana. Ukingo wa kulia wa moyo ukifutika, sehemu ya kati ya pafu la kulia ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Sasa mkao. Washa koroboi, weka mkono mbele ya ukuta. Mkono ukiwa karibu na ukuta, kivuli ni kikali na karibu sawa na mkono wenyewe. Ukiusogeza kuelekea kwenye moto, kivuli huvimba na kingo huwa za ukungu. Moyo uko mbele kifuani. Kwa hiyo mgonjwa husimama kifua kikiwa kimegusa kibao cha picha, mionzi ikaingilia mgongoni, na mrija ukawekwa mbali, kwa kawaida sentimita 180. Kwa mkao huo, moyo wa mtu mzima ambao upana wake unazidi nusu ya upana wa kifua huhesabiwa kuwa umepanuka. Lakini mgonjwa aliyelala kitandani akapigwa kutoka mbele, mrija ukiwa karibu, moyo wake utavimba kama kile kivuli, na kipimo hicho cha nusu hakitumiki. Wapo watu wanaotembea na jibu la "moyo mkubwa" lililotokana na mkao tu.

Ukitaka kujua kama picha ya kifua ilipigwa sawa, tazama mambo matatu. Hesabu mbavu za nyuma juu ya kiwambo cha pumzi, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo: 9 au 10 zinatosha, zikiwa 6 au 7, mgonjwa hakuvuta pumzi vizuri, na mapafu yaliyobanwa huonekana kama yenye ugonjwa. Tazama ncha za ndani za mitulinga miwili: ziwe umbali sawa kutoka katikati ya uti wa mgongo, la sivyo mgonjwa alikuwa amejigeuza. Mifupa bapa ya mabega iwe imetolewa nje ya mapafu, jambo linalopatikana kwa kuisukuma mikono na viwiko mbele.

Nywele zilizosukwa zinahitaji neno la peke yake. Rasta au msuko mzito ukiangukia mabegani huacha michirizi ya kijivu juu ya ncha za mapafu, na huko ndiko kifua kikuu cha watu wazima hupenda kuanzia. Zifungwe juu ya kichwa kabla ya picha. Mkufu, vifungo na sidiria yenye waya vivuliwe.

Majimaji kifuani yanahitaji kufika takriban mililita 200 ndipo yaonekane kwenye picha ya kawaida ya kusimama, yakiibadili kona ya chini ya pafu kutoka ncha kali na kuwa butu. Mgonjwa akiwa amelala, majimaji hayohayo husambaa nyuma ya pafu na kuacha ukungu hafifu unaopuuzwa kirahisi. Vivyo hivyo kwa anayeshukiwa kutoboka utumbo: akae wima dakika 5 hadi 10 kabla ya picha, ili hewa iliyovuja ipande chini ya kiwambo na kuonekana kama mwezi mwembamba mweusi.

Kipimo cha mionzi katika picha moja ya kifua ni kati ya milisivati 0.02 na 0.1. Dunia yenyewe, kwa miamba yake, hewa na miale ya angani, humpa mtu wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka, kwa hiyo picha hiyo ni sawa na siku 3 hadi 15 za kuishi kawaida. Mionzi ya eksirei haibaki mwilini; kitufe kikiachiwa, imekwisha. Kunywa maziwa baada ya picha hakuondoi chochote, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kuondolewa. Mwenye ujauzito, au anayehisi anao, aseme kabla ya kupigwa, hasa picha ya tumbo au nyonga.

CT: hesabu ya vyumba vinne

Udhaifu wa eksirei ni kwamba hulaza kila kitu juu ya kingine. Nguzo mbili zilizosimama mstari mmoja mbele yako utaziona moja. Zunguka hatua chache, utaona ni mbili. CT hufanya huko kuzunguka. Mrija wa eksirei hulizunguka duara la mashine, katika mashine nyingi za sasa kwa nusu sekunde au pungufu kwa mzunguko, ukipima mamia ya vivuli kutoka pembe tofauti huku kitanda kikisogea.

Hesabu inayogeuza vivuli kuwa kipande inatisha kwa jina, lakini kiini chake kinafanyika kwa kalamu. Chora kisanduku chenye vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Kila chumba kina namba usiyoiona; unachoruhusiwa kujua ni jumla ya vyumba ambavyo mwonzi umevipitia. Mstari wa juu una jumla ya 5, wa chini 9. Safu ya kushoto 10, ya kulia 4. Bado hujapata jibu: juu 2 na 3, chini 8 na 1 zinafaa, lakini juu 1 na 4, chini 9 na 0 zinafaa pia. Piga mwonzi mmoja wa mshazari, kutoka juu kushoto hadi chini kulia, upate 3. Sasa jibu ni moja tu: 2, 3, 8 na 1. Kipande kimoja cha CT kwa kawaida kina vyumba 512 kwa 512, yaani 262,144, ndiyo maana pembe zinahitajika nyingi na kompyuta haikwepeki. Mgonjwa akitikisika katikati, jumla za mwanzo na za mwisho hazihusu tena kitu kimoja, na picha hujaa michirizi.

Mashine hiyo ilibuniwa na Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI ya Uingereza, na mgonjwa wa kwanza alipigwa ubongo tarehe 1 Oktoba 1971 huko London. Hesabu zake zilikuwa zimeshafanyiwa kazi na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyelianza suala hilo akiwa Cape Town. Wawili hao waligawana tuzo ya Nobel ya mwaka 1979.

Namba ya kila chumba hupimwa kwa kizio chenye jina la Hounsfield: maji ni 0, hewa ni –1,000, mafuta huzunguka –100, ubongo 20 hadi 40, damu iliyoganda 60 hadi 80, na mfupa mgumu hupita 1,000. Jicho haliwezi kutofautisha rangi za kijivu zote hizo kwa pamoja, kwa hiyo msomaji hufungua dirisha dogo la namba. Kwa ubongo huweka kitovu 40 na upana 80: kila kilicho chini ya 0 huwa cheusi, kila kilicho juu ya 80 huwa cheupe, na tofauti ndogo katikati hujitokeza. Picha hiyohiyo ikisomwa kwa dirisha la ubongo pekee, ufa mwembamba wa fuvu utapotea ndani ya weupe. Filamu aliyopewa mgonjwa mkononi mara nyingi ina dirisha moja au mawili tu. Diski ndiyo yenye namba zote, na ndiyo ya kuomba.

Kwa kiharusi, CT ya kwanza hupigwa bila kontrasti, ile dawa ya mshipani inayokoleza picha. Kontrasti ni nyeupe na damu iliyovuja ni nyeupe, ukizichanganya hujui ipi ni ipi. Jambo linalowachanganya ndugu wa mgonjwa ni kuambiwa CT haikuonyesha kitu wakati mtu wao amepooza upande. Katika saa za mwanzo za kiharusi cha mshipa kuziba, ubongo unaweza kuonekana wa kawaida kabisa. Kazi kubwa ya CT hiyo ni kuthibitisha kwamba hakuna damu iliyovuja, maana dawa ya kuyeyusha bonge la damu, ambayo hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, ikimpata mwenye kuvuja damu inaweza kumuua.

Kontrasti ya CT ina iodini, atomu namba 53, hivyo huizuia mionzi vizuri. Mtu mzima kwa kawaida hupewa mililita 80 hadi 100 kwa mashine ya kusukuma, kama mililita 3 kwa sekunde, na ini hupigwa takriban sekunde 70 baada ya kuanza. Ukiwahi, ini halijajaa dawa. Ukichelewa, uvimbe na ini hulingana rangi. Joto linaloenea mwilini, ladha ya chuma mdomoni na hisia ya kujikojolea ni vya kawaida na hupita kwa dakika moja. Vipele, kuvimba midomo au kubanwa pumzi si vya kawaida, sema hapohapo. Sindano iwe kwenye mshipa mzuri wa kiwiko, kwa sababu kasi hiyo kwenye mshipa mdogo wa kiganja huweza kuupasua na dawa ikamwagika chini ya ngozi. Damu ya kupima figo ichukuliwe kabla kwa wenye kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo.

Kipimo cha mionzi kwa CT ya kichwa ni takriban milisivati 2, na ya tumbo 8 hadi 10. Kwa mgonjwa anayeihitaji, faida inazidi hatari kwa mbali. Kwa maumivu ya kichwa ya siku mbili yasiyo na dalili ya hatari, hapana.

Altrasaundi: mwangwi na jeli

Hapa hakuna mionzi. Probu, kile kifaa cha mkononi kinachopitishwa juu ya ngozi, ina vipande vya kauri vinavyotetema vikipewa umeme, na vinavyotoa umeme vikitetemeshwa, kwa hiyo hicho kimoja ni mdomo na sikio. Hutuma sauti ya mara milioni 2 hadi 18 kwa sekunde, juu kabisa ya uwezo wa sikio, kisha hunyamaza na kusikiliza. Sauti husafiri mwilini mita 1,540 kwa sekunde. Mwangwi uliorudi baada ya mikrosekunde 13 umetoka kina cha sentimita 1, wa mikrosekunde 130 umetoka sentimita 10.

Sauti hurudi pale inapokutana na mpaka wa vitu viwili visivyofanana. Kati ya nyama na hewa tofauti ni kubwa mno hata karibu sauti yote hurudi. Ndiyo sababu ya jeli: hufukuza hewa kati ya probu na ngozi. Na ndiyo sababu tumbo lililojaa gesi huificha kongosho hata mpimaji afanye nini. Anayepimwa ini na nyongo afunge kula saa 6 hadi 8; mfuko wa nyongo uliojikamua baada ya chai na chapati huwa umesinyaa, na mawe hayaonekani vizuri ndani yake. Anayepimwa nyonga kwa juu ya tumbo anywe takriban lita 1 ya maji saa moja kabla na asikojoe: kibofu kilichojaa huusukuma utumbo kando na kuwa dirisha la kuuonea mfuko wa uzazi nyuma yake.

Masafa ya juu, yaani mitetemo mingi zaidi kwa sekunde, hutoa picha kali lakini hayafiki mbali. Ya chini hufika mbali kwa picha hafifu. Tezi ya shingoni hupimwa kwa megahezi (mara milioni kwa sekunde) 7 hadi 12 au zaidi, tumbo la mtu mzima kwa kama 3.5. Jiwe huizuia sauti na kuacha mkia mweusi nyuma yake. Uvimbe wa maji huipitisha bila kuipunguza, hivyo nyuma yake hungʼaa. Mpimaji humgeuza mgonjwa ubavu: jiwe huporomoka, uvimbe ulioota ukutani haubanduki.

Kwa umri wa mimba, kipimo cha kwanza ndicho cha kutunzwa. Urefu wa kijusi katika miezi mitatu ya mwanzo hukosea kwa siku 5 hadi 7 tu. Miezi mitatu ya mwisho kosa hufika wiki 3, kwa kuwa watoto hukua kwa kasi tofauti. Mama anayepimwa tena mwezi wa nane na kupewa tarehe mpya asiitupe ya mwanzo.

MRI: pia zinazoyumba

Kiini cha haidrojeni hutenda kama sumaku ndogo inayozunguka. Ndani ya sumaku ya tesla 1.5, ambayo ni makumi ya maelfu ya mara ya nguvu ya sumaku ya dunia, viini huyumba kama pia ya mtoto inavyoyumba ikizunguka, vyote kwa mwendo mmoja: mara milioni 64 kwa sekunde. Mashine hupiga mawimbi ya redio ya masafa hayohayo, viini hulala ubavu kwa pamoja na kutoa ishara. Redio ikikatwa, hurudi. Mafuta hurejea wima ndani ya takriban robo sekunde, majimaji ya uti wa mgongo huchukua sekunde kadhaa. Wakati huohuo hupoteza hatua ya pamoja, kama wachezaji wa ngoma mpigaji akiacha kupiga, na maji ndiyo hukawia zaidi kuipoteza. Kwa kuchagua lini isikilize, mashine hutoa picha ambayo mafuta yanangʼaa na maji ni meusi, au picha ambayo maji yanangʼaa. Hiyo ya pili hupendwa kwa sababu uvimbe, uambukizo na jeraha karibu vyote huleta maji. Kwa kiharusi, picha maalumu inayofuatilia mwendo wa maji ndani ya ubongo huonyesha sehemu iliyokufa ndani ya dakika chache, pale CT ingali kimya. Hewa na mfupa mgumu, vyenye haidrojeni kidogo, hubaki vyeusi.

Kelele ni za koili zinazobadilisha sumaku kidogo kutoka sehemu moja ya mwili hadi nyingine, ili mashine ijue ishara imetoka wapi. Umeme huwashwa na kuzimwa humo mara nyingi kwa sekunde, nazo hujigonga. Hupita desibeli 100. Vizibo vya masikio ni lazima.

Sumaku ya aina hii haizimwi jioni. Waya zake zimo ndani ya heliamu iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, yenye nyuzijoto –269, na umeme huzunguka humo usiku na mchana. Chumba kikiwa kitupu na taa zimezimwa, bado inavuta. Mwaka 2001 nchini Marekani mtoto wa miaka 6 alifariki baada ya mtungi wa oksijeni kuvutwa ndani ya mashine alimolala. Kwa hiyo maswali ya mlangoni yajibiwe kwa ukweli: kifaa cha kuendesha moyo, klipu kwenye mshipa wa ubongo, risasi, kifaa cha sikioni. Fundi wa kuchomelea au kusaga vyuma aseme, hata kama kipande kiliingia jichoni miaka mingi iliyopita; eksirei ya macho hupigwa kwanza. Wigi zenye vibanio zivuliwe. Viganja visishikane na mapaja yasigusane ngozi kwa ngozi, maana hapo umeme unaweza kuzunguka na kuunguza.

Fomu na bahasha

Mashine zote hizi hutegemea sehemu ndogo ya fomu inayoitwa maelezo ya mgonjwa. Fomu iliyoandikwa "CT tumbo" haimwambii mpigaji kama apige bila kontrasti, kwa ajili ya mawe ya figo, au nayo, kwa ajili ya uvimbe wa ini. Iliyoandikwa "maumivu ubavu wa kulia, damu kwenye mkojo, siku 2" imeshachagua. Mgonjwa ana haki ya kumwomba daktari aandike hivyo.

Na picha za zamani zisiachwe nyumbani. Kidoa kigumu cha sentimita 1 kwenye pafu, kikionekana leo kwa mara ya kwanza, huanzisha CT, miadi na pengine sindano ya kuchukua kipande kidogo cha nyama cha kupimwa. Kidoa hichohicho kikikutwa kwenye CT ya miaka miwili iliyopita kikiwa na ukubwa uleule, kwa kawaida huhesabiwa kuwa hakina hatari, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.